Risasi za Zamani Zilizoachwa na Marehemu: Thamani Yake na Matumizi Yake, Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekuta makasha ya risasi katika vitu vya marehemu. Nianzie wapi?

Anza kwa kutofanya lolote. Usizisugue, usifungue boksi lililofungwa, usichanganye zilizomo katika boksi hili na za boksi lile, wala usiipakie hata moja kwenye bunduki iliyokutwa nazo kwa kudhani kwamba, maadamu vilikaa kabati moja, basi ni vya pamoja. Piga picha kila kitu kama kilivyo: boksi kwa pande zote sita, kitako cha risasi moja ya kila aina, na karatasi yoyote iliyowekwa ndani. Thamani nyingi ya mirathi ya namna hii hupotea katika siku ya kwanza, mikononi mwa mrithi mwenye nia njema na kitambaa cha kung'arishia.

Ili tuelewane, katika majibu haya neno risasi lina maana ya kitu kizima, nacho kina sehemu nne: ganda la shaba ya manjano au la chuma, fataki iliyo katikati ya kitako, baruti iliyo ndani, na kichwa, yaani kile kinachoruka.

Je, kurithi risasi kunanipa haki ya kukaa nazo?

Mara nyingi hapana. Katika nchi nyingi kibali cha marehemu hufa pamoja naye, na mrithi asiye na kibali chake mwenyewe, au mwenye kibali cha bunduki ya kaliba nyingine (yaani ya kipimo kingine cha risasi), huhesabiwa kuwa anamiliki risasi kinyume cha sheria hata kama hajui zina kazi gani. Sheria nyingine huhesabu kila risasi moja moja na kuweka kikomo cha idadi, nyingine hukataza aina fulani za vichwa kabisa, na zipo zinazoruhusu risasi zilizotolewa baruti na fataki kama vitu vya makumbusho. Piga simu kwa mamlaka inayotoa vibali kabla ya kuzibeba kwenda popote. Kufika kituo cha polisi bila taarifa, ukiwa na mfuko wa risasi mkononi, si busara hata pale sheria inapokuwa upande wako.

Nitajuaje ni risasi za aina gani?

Soma kitako chake. Karibu kila ganda la viwandani limepigwa alama kuzunguka fataki, na alama hizo hutaja mtengenezaji, mara nyingi mwaka, na kwa risasi za kiraia jina la kaliba pia. Ganda lenye LC na 43 lilitoka kiwanda cha Lake City cha jeshi la Marekani mwaka 1943. FA ni Frankford Arsenal ya Philadelphia. DI ni Defence Industries ya Kanada. Alama VII kwenye risasi ya .303 ya Uingereza si mwaka wala idadi, bali ni toleo la saba la risasi hiyo, lililoanza kutumika mwaka 1910 likiwa na kichwa chenye ncha kali cha uzito wa greni 174, yaani gramu 11.3 hivi. Ikifuatiwa na herufi Z, ujue baruti iliyomo ni ya nitroselulosi na si kodaiti, ile baruti ya Waingereza iliyotengenezwa kwa umbo la nyuzi ndefu kama tambi.

Majina ya viwanda nayo husaidia kukisia umri. Kampuni ya U.M.C. iliunganishwa na Remington mwanzoni mwa miaka ya 1910, kwa hiyo kitako chenye U.M.C. peke yake kwa kawaida ni cha zamani kuliko chenye REM-UMC. Alama W.R.A. ni ya Winchester. Tahadhari moja tu: mwaka wa kitakoni ni mwaka wa ganda. Ganda lililojazwa upya jikoni miaka arobaini baadaye bado litasema 1943, na boksi zuri la kiwandani huweza kuwa limegeuzwa nyumba ya risasi za kujaziwa nyumbani. Vichwa vya aina tofauti, fataki za rangi tofauti au alama za vitako zisizolingana ndani ya boksi moja ni dalili ya kutosha ya kushuku.

Baada ya alama, pima. Kipimio cha vernia, yaani rula ya kubana inayopima sehemu ndogo za milimita, kikupe urefu wa ganda, kipenyo cha kitako, kipenyo cha shingo na kipenyo cha kichwa. Vipimo hivyo vinne, pamoja na kutazama kama kitako kina ukingo uliotokeza au mfereji uliochongwa, hutosha kutambua sehemu kubwa ya risasi zilizowahi kutengenezwa.

Kwa nini mnasisitiza sana vipimo wakati jina limeandikwa kwenye boksi?

Kwa sababu majina ya risasi hudanganya kuliko majina ya watu. Risasi ya .303 British na ile ya .303 Savage ni vitu viwili visivyohusiana isipokuwa kwa tarakimu. Namba 7.62 inabebwa na risasi ya Kirusi ya mwaka 1891 yenye ganda la milimita 54 na ukingo, na vilevile na ile ya NATO yenye ganda la milimita 51 lisilo na ukingo, na ile fupi ya milimita 39, na hakuna kati ya hizo tatu inayoingia mahali pa mwenzake.

Mfano mbaya kuliko yote ni wa Kijerumani. Risasi ya 8×57 ilipoanza mwaka 1888 kichwa chake kilikuwa na kipenyo cha milimita 8.08 hivi, mwanzoni mwa karne ya 20 jeshi lilihamia kichwa cha milimita 8.22, chenye msukumo mkubwa zaidi, ilhali ganda lilibaki karibu vilevile. Risasi ya pili huingia kwa urahisi kwenye bunduki iliyotengenezwa kwa ajili ya ya kwanza, kisha hulazimishwa kupita katika mtutu ulio mwembamba kuliko yenyewe. Risasi hiyohiyo imewahi pia kupakiwa katika bunduki za .30-06, ikakubali kuingia, na bunduki zikapasuka usoni mwa wenyewe. Kuingia kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, si ushahidi wa kufaa.

Ncha za baadhi ya risasi zimepakwa rangi. Zina maana gani?

Zina maana kubwa, nayo hutofautiana kwa nchi. Katika risasi za jeshi la Marekani za wakati wa Vita Kuu ya Pili, ncha nyeusi ni ya kutoboa bamba la chuma, nyekundu ni ya kuacha mstari wa moto angani, na ya buluu ni ya kuwasha moto. Waingereza kwa kawaida hawakutegemea ncha, bali walitia rangi kwenye duara linaloizunguka fataki: zambarau kwa risasi ya kawaida, nyekundu kwa ile ya kuacha mstari wa moto, kijani kwa ya kutoboa chuma, na manjano kwa risasi ya majaribio iliyojazwa makusudi kupita kiasi ili kupima uimara wa mitutu mipya. Wamarekani waliitambulisha risasi ya majaribio kwa ganda lililopakwa bati. Hiyo haipigwi kamwe na mtu aliyeishika bunduki kwa mikono yake.

Zipo pia risasi zisizo risasi: maganda yenye matundu ubavuni au mifereji mirefu ni ya kufundishia askari kupakia, na vichwa vya mbao vyepesi ni vya milio ya mazoezi. Wakusanyaji huzipenda, lakini sheria za nchi nyingi huzipanga zile za kuwasha moto na za kutoboa chuma katika daraja la silaha zilizokatazwa, kwa hiyo ziweke kando kabla ya kuzungumza na mnunuzi yeyote.

Je, nizisafishe kabla ya kuziuza?

Hapana. Utando wa kahawia juu ya shaba ndiyo rangi ya umri wake, na mkusanyaji anapoona ganda linalong'aa kama kijiko kipya hushuku mara moja kwamba lina kasoro iliyofichwa. Vumbi lifute kwa kitambaa laini kikavu, basi.

Kemikali za kung'arishia zenye amonia ni mbaya zaidi, na hilo lina kisa chake. Jeshi la Waingereza huko India liliona maganda ya risasi yakipasuka nyufa yakiwa yamekaa tu ghalani, hasa katika msimu wa mvua. Risasi zilikuwa zikihifadhiwa katika mazizi ya farasi, na amonia iliyotokana na mkojo wa wanyama hao ilikuwa ikiishambulia shaba iliyobaki na mkazo wa kufinyangwa kiwandani. Jambo hilo lilielezwa kitaalamu mwaka 1921, na dawa yake ikawa kuyapasha maganda moto wa wastani ili kuondoa mkazo huo. Maganda ya kabla ya hapo, na hata mengi ya baadaye, hayahitaji kuongezewa amonia ya chupa.

Kutu ya kijani ni suala jingine. Mara nyingi husababishwa na ngozi: mikanda ya ngozi ina asidi za kulainishia ambazo hula shaba polepole, na risasi iliyokaa miaka mingi katika mkanda huvaa pete ya kijani pale ngozi ilipoigusa. Ichomoe risasi, uiweke karibu na mkanda wake, na usikwangue. Unga mweupe juu ya vichwa vilivyo wazi ni oksidi na kaboneti ya madini ya risasi, nao ni sumu. Vaa glavu, usipulize, na osha mikono kabla ya kula.

Zina thamani ya fedha kiasi gani?

Mirathi nyingi zina thamani ndogo kuliko familia inavyotarajia, na chache zina thamani kubwa kuliko inavyoota. Risasi za kijeshi za .303, za .30-06 na za 7.62×54 zilitengenezwa kwa mabilioni. Umri peke yake hauzifanyi ziwe adimu, na zikiwa huru ndani ya mkebe wa biskuti bei yake hukaribia ile ya risasi mpya ya kawaida au huwa chini yake.

Kinachobadilisha hesabu ni boksi. Karatasi huoza, huchanika na kutupwa, shaba hubaki. Ndiyo maana boksi tupu la karne ya 19 lenye lebo safi huweza kuzizidi bei risasi zilizokuwa ndani yake. Boksi la vipande viwili, yaani lenye kifuniko kinachovuliwa kizima, kwa kawaida ni la zamani kuliko lile la kifuniko cha kukunja. Boksi lililofungwa kwa muhuri wa kiwandani lina bei tofauti kabisa na lilelile likiwa limefunguliwa, na ukishalifungua hakuna gundi itakayolirudisha. Anayetaka kujua kama limejaa alipime kwa mizani. Vivyo hivyo mkanda wa kitambaa wa jeshi la Marekani wenye risasi 48 katika klipu (vishikizo vya chuma) za nane nane, kadi yake ya maelezo ikiwa bado imo mfukoni, una thamani kuliko risasi hizohizo 48 zikimwagwa mezani.

Kisha kuna kaliba zilizoachwa. Bunduki za zamani za kuwindia wanyama wakubwa, kama zile za .577 Nitro Express, bado zina wamiliki, na wamiliki hao hutafuta maganda ya asili kwa juhudi kubwa ingawa viwanda vichache vimerejea kutengeneza baadhi ya kaliba hizo. Na kuna risasi zenye hadithi, kama zile za mashindano ya kitaifa ya Marekani za mwaka 1921, ambazo vichwa vyake vilipakwa bati. Bati hilo lilishikana na shingo ya ganda, na wapigaji waliozoea kuvipaka vichwa grisi wakajikuta na misukumo ya kutisha ndani ya chemba. Leo mkusanyaji hununua boksi la risasi hizo kwa sababu ileile inayomfanya asithubutu kuzipiga.

Nitapataje bei ya kweli?

Tafuta bei ambazo vitu vimeuzwa kweli, si bei ambazo wauzaji wanaomba. Orodha za matokeo ya minada huonyesha tofauti hiyo waziwazi, na tofauti si ndogo. Vyama vya wakusanyaji, kama International Ammunition Association na European Cartridge Research Association, vina wanachama wanaoweza kutambua kitako kwa picha tu, na wengi wao hufanya hivyo bila malipo kwa sababu ndiyo furaha yao. Lakini usiuze kwa mtu yuleyule aliyekupa tathmini bila kuuliza wa pili. Ukimpelekea fundi bunduki, kumbuka kwamba yeye huona kitu cha kupigwa. Mkusanyaji huona kitu cha kutunzwa. Na bei zao hutofautiana kwa sababu hiyo, si kwa sababu mmoja wao ni mwongo.

Baruti hudumu muda gani?

Baruti nyeusi, ile ya shura, makaa na kiberiti, ikikaa pakavu hudumu kwa vizazi na bado huwaka kwa nguvu. Usiichukulie kuwa imekufa kwa sababu tu ganda linaonekana la babu wa babu. Baruti isiyo na moshi, iliyoanzia Ufaransa kwa kazi ya Paul Vieille mwaka 1884, ina tabia nyingine. Nitroselulosi hujivunja yenyewe polepole, ikitoa gesi za oksidi za naitrojeni zinazogeuka asidi, na watengenezaji huongeza kemikali ya kuzinyonya gesi hizo. Kemikali hiyo ikiisha, uozo huongezeka kasi. Joto huharakisha yote haya, kwa hiyo risasi ya mwaka 1950 iliyokaa chini ya bati la paa huweza kuwa mbovu kuliko ya mwaka 1915 iliyokaa katika ghala la chini lenye ubaridi.

Dalili ni harufu kali ya kuchoma pua, vumbi la rangi ya kahawia-nyekundu, na kutu ya kijani inayotokea kwenye shingo kana kwamba inatoka ndani. Kundi lenye dalili hizo si la kupigwa wala la kuuzwa.

Je, naweza kuzipiga?

Baadhi, ndiyo, lakini swali la kwanza ni kwa nini. Ikiwa zina thamani ya mkusanyo, kila mlio ni fedha iliyoteketea, na ikiwa hazina thamani, risasi mpya ya kiwandani ina uhakika zaidi kuliko hizo. Kinachobaki ni sababu ya moyo, yaani hamu ya kupiga risasi za marehemu kwa bunduki ya marehemu, nami siidharau.

Ukiamua hivyo, bunduki ikaguliwe kwanza na fundi mwenye sifa, ambaye atapima chemba na mtutu na kuthibitisha kaliba halisi, kwa kuwa bunduki nyingi za zamani zilibadilishwa kaliba bila alama kubadilishwa. Bunduki iliyojengwa kwa baruti nyeusi isipewe kabisa risasi ya baruti isiyo na moshi ya msukumo wa juu, hata kama jina ni lilelile. Kagua kila risasi peke yake: ondoa yenye ufa shingoni, yenye kichwa kinachotikisika au kilichozama ndani, yenye fataki iliyotokeza, na yenye kutu iliyochimba mashimo. Risasi za kujaziwa nyumbani na mtu ambaye huwezi tena kumuuliza alitia nini usizipige hata moja, na hapo hata sababu ya moyo haitoshi.

Risasi ikikataa kulia nifanye nini?

Bunduki ibaki imeelekezwa kwenye shabaha kwa angalau sekunde 30 bila kufungua bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu), kwa sababu fataki za zamani huweza kuchelewa na kulia baada ya muda. Mlio ukiwa dhaifu au wa ajabu, simama. Toa risasi zote na uhakikishe kwa fimbo kwamba mtutu uko wazi, kwani kichwa kikikwama ndani, risasi inayofuata itaupasua.

Nimesikia kwamba risasi za zamani huleta kutu. Ni kweli?

Ni kweli, ila mkosaji si baruti, ni fataki. Fataki nyingi za kijeshi zilikuwa na kloreti ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani, nayo huvuta unyevu wa hewa na kuutafuna mtutu kwa usiku mmoja. Jeshi la Marekani liliiacha kwa sehemu kubwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nchi za kambi ya Kisovieti ziliendelea kwa muda mrefu zaidi. Mafuta hayayeyushi chumvi. Kinachoiyeyusha ni maji, basi mimina maji ya moto mtutuni siku hiyohiyo, pitisha vitambaa mpaka vitoke safi, kausha kabisa, kisha ndipo upake mafuta.

Maganda yaliyopigwa yanaweza kujazwa tena?

Ukichungulia ndani na kuona tundu moja katikati, ni mfumo wa Boxer, na kwa kawaida hujazika. Matundu mawili madogo ni wa Berdan, wenye kazi ngumu zaidi. Kwa mzaha wa historia, Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Marekani ndiyo iliyoshika mfumo wa Mwingereza huku Ulaya ikishika wa Mmarekani. Maganda yaliyotumia fataki za zebaki yaache, kwani zebaki huifanya shaba kuwa tete.

Nizihifadhije kwa sasa?

Mahali pakavu, pa joto la kawaida lisilopandapanda, ndani ya kasha lenye kufuli, mbali na bunduki na mbali na watoto. Maboksi ya karatasi yasigusane na plastiki laini, na kila kundi liwe na kikaratasi kinachotaja lilikopatikana. Usizifungie kwenye sefu isiyopitisha hewa kabisa, kwa kuwa moto ukitokea chombo kilichofungwa hugeuka bomu.

Naweza kuzituma kwa posta?

Karibu kila huduma ya posta hukataza. Risasi za silaha ndogo huhesabiwa kimataifa kuwa bidhaa hatari, namba UN 0012, na husafirishwa na wakala aliyeruhusiwa, kwa kifungashio na nyaraka maalumu. Kuvuka mpaka kunahitaji kibali cha nchi zote mbili.

Zisizofaa nizitupe wapi?

Si jalalani, si mtoni, si motoni. Risasi isiyo ndani ya chemba ikipata moto hairuki kama iliyofyatuliwa, lakini ganda hupasuka na fataki hurushwa kwa kasi ya kutosha kumtoboa mtu jicho. Kuziloweka kwenye mafuta hakuziui kwa uhakika, kwa sababu risasi nyingi za kijeshi zilizibwa kwa rangi ya kuzuia unyevu pale fataki na kichwa vinapoingia. Piga simu polisi au kwa fundi bunduki mwenye leseni, eleza aina, idadi na hali yake, na uulize kama wanataka uzilete au watakuja kuzichukua. Zikiwa zinatoa harufu kali au zinatokwa na majimaji, usizisogeze, waombe waje.